Betri Zilizokufa Mbalamwezi

Mtu wa Dar es Salaam akiona betri ya gari anawaza gari. Mtu wa Kirumba, Mwanza, anauliza inakwenda kisiwa gani. Nimekaa kwenye kibanda cha kuchaji betri karibu na soko la samaki la Mwaloni tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na magari yaliyosimama mlangoni kwangu ni machache kuliko mitumbwi iliyoniletea betri zake. Redio, televisheni, simu, taa za dagaa: hivyo ndivyo vilivyosomesha wanangu. Gari lilikuwa mteja wa kupita. Natanguliza hili kwa sababu kazi yetu, pale inapotajwa, hutajwa kama kijitawi cha ufundi magari, na huku Ziwa Victoria haikuwa hivyo.

Chimbuko lake ni magari, hilo nakubali, tena malori ya pamba. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928 na pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda pwani, lakini kutoka vijijini hadi kwenye viwanda vya kuchambulia ilihitaji magurudumu. Mwaka 1955 vyama vya wakulima vya kina Paul Bomani viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, na 1968 shirikisho hilo likawa Nyanza Cooperative Union. Msimu wa ununuzi ukifika, malori yalitoka alfajiri na kurudi usiku. Marehemu baba alikuwa fundi umeme katika gereji moja iliyoyahudumia, na pale gereji palikuwa na kona ambayo wengine hawakupenda kukaa: benchi la mbao lililoliwa na tindikali, chaja iliyonguruma mchana kutwa, na harufu inayokwaruza koo.

Dereva wa enzi zile hakuitegemea betri kwa moyo wote. Betri ya risasi na tindikali ni kitu cha kale kuliko gari lenyewe; Mfaransa Gaston Planté aliiunda 1859, na mwaka 1881 Camille Faure akaiboresha kwa kuzipaka sahani zake rojo la madini ya risasi. Kazi ya kuwasha injini iliipata baadaye sana, 1912, Cadillac ya Marekani ilipotoka na stata ya umeme ya Charles Kettering. Kabla ya hapo ni hendeli na misuli. Huku kwetu hendeli ilibaki chini ya kiti cha lori miaka mingi baada ya stata kuja, na baba alikuwa na kidole gumba kisichokunjika kwa sababu hendeli ya Bedford ilimrudi akiwa bado mwanagenzi. Nadhani ndipo alipoanza kuziheshimu betri.

Lori la pamba hufanya kazi msimu, kisha hulala. Betri hailali. Ukiiacha bila kazi hujinywa yenyewe polepole, na joto likizidi hujinywa upesi zaidi. Ikibaki tupu, sahani zake huota ganda gumu la salfeti ambalo chaji ya kawaida hailivunji tena, na hapo hata ukiichaji wiki nzima inakurudishia kidogo tu ya ulichoipa. Kwa hiyo msimu ukiisha baba alizishusha betri zote, akazipanga benchini na kuziunganisha mfululizo, chanya ya hii kwenye hasi ya ile, kisha akazilisha pamoja kwa chaji ndogo ya muda mrefu. Kila baada ya wiki chache alizirudia. Nilipokuja kufanya kazi na wavuvi, hicho ndicho kitu cha kwanza nilichojaribu kuwafundisha, na ndicho kilichowaingia kwa shida kuliko vyote. Nitakifikia.

Betri za wakati huo zilikuwa masanduku meusi ya mpira mgumu, juu yamezibwa kwa lami, na madaraja ya risasi yanayounganisha seli yako nje, yanaonekana. Fundi aliweza kuweka ncha za mita kwenye kila seli na kujua ni ipi inayoangusha wenzake. Zaidi ya hapo, aliweza kuifungua. Ustadi huu ulipata thamani yake baada ya vita ya Kagera, mwaka 1979 kwenda mbele, nchi ilipoishiwa fedha za kigeni. Sabuni na sukari vilipangiwa foleni, sembuse betri. Baba aliipasha moto lami mpaka ikalainika, akakata madaraja, akaivuta seli iliyokufa nje na sahani zake zote, akatia nzima aliyoitoa kwenye betri nyingine, kisha akayeyusha risasi na kuyaunga madaraja upya. Betri tatu zilizokufa zilizaa moja inayotembea. Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipopamba moto, alihamishia masanduku yake matupu kwa shangazi huko Igoma, akihofia yasije yakahesabiwa kama bidhaa zilizofichwa. Nani angemwamini kwamba lundo lile ni mizoga?

Kutoka enzi hizo tumerithi imani moja ambayo mpaka leo naisikia kwa vijana: usiweke betri juu ya sakafu ya saruji, itafyonzwa chaji. Kwa masanduku ya zamani, yaliyovuja jasho la tindikali na kulowa nje, ilikuwa na ukweli ndani yake. Masanduku ya plastiki yaliyokuja baadaye hayapitishi kitu. Nimechoka kubishana, nimeweka ubao, kila mtu aridhike.

Baba alifariki nikiwa nimeshaolewa, na aliniachia haidromita. Kaka zangu walichukua spana. Haidromita ni mrija wa kioo wenye mpira wa kufyonzea na boya dogo ndani yake: unafyonza maji ya seli, boya likielea juu tindikali ni nzito, seli imeshiba, likizama, seli ina njaa. Vitabu vya Ulaya huandika shibe kuwa 1.265 hadi 1.280. Kwenye nchi za joto tindikali kali hivyo huzila sahani mapema, ndiyo maana betri za huku mara nyingi hujazwa tindikali nyepesi zaidi, kama 1.240. Nimewaona mafundi wenye vyeti wakiongeza tindikali kwenye betri nzima kabisa, wakiamini imepungukiwa, na kuiua kwa kuipenda. Kinachopotea kwa joto na kwa kuchemka wakati wa chaji ni maji. Tindikali inabaki mle mle. Basi ongeza maji, tena safi, na uyaongeze baada ya chaji, kwa sababu ukijaza pomoni kabla, yatafurika yakichemka.

Maji safi yenyewe yalikuwa hadithi. Yale ya dukani yalipokosekana, tulikinga ya mvua, si kutoka kwenye bati bali kwenye turubai la nailoni, baada ya mvua kuosha anga kwa muda. Maji ya ziwa hapana. Yako mengi, yako karibu, na yana madini yanayoziharibu sahani. Mvuvi aliyezaliwa juu ya maji hayo, anayeyanywa na kupikia, utamwambiaje hayafai kwa betri? Wengi walinisikiliza kwa adabu, kisha wakachota.

Haidromita ilinifanya hakimu pia. Televisheni za binafsi zilianza Bara 1994, na zilipoenea Kanda ya Ziwa, hasa Star TV ilipoanza kurusha kutoka hapa hapa Mwanza, kila mtaa usio na umeme ulitaka betri. Televisheni ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe, inchi kumi na nne, ilikula volti 12 moja kwa moja. Watu wa Mabatini, Igogo na Isamilo walijenga juu ya mawe ambako hata toroli halipiti, kwa hiyo betri yenye uzito wa ndoo ya maji ilipanda mlima begani mwa kijana, na shati lake likatoboka mgongoni kabla ya mwezi kuisha. Wa bondeni walizifunga kwenye karia ya baiskeli ya Phoenix.

Usiku wa fainali ya Kombe la Dunia 1998, Ufaransa na Brazil, betri ya banda moja la video ilizimika kipindi cha kwanza, Zidane akiwa ameshafunga bao moja. Kesho yake mwenye banda alikuja nayo, na nyuma yake msafara wa watu waliodai viingilio vyao.

“Mama, uliniambia imejaa.”

“Ilijaa. Ngoja tuiulize.”

Nilifungua vifuniko sita mbele ya wote. Seli tano zilikuwa zimeshuka kiasi, kama inavyotarajiwa baada ya kazi. Ya sita ilikuwa imezama kabisa na maji yake yamekuwa na tope la kahawia. Zikitofautiana kwa zaidi ya 0.050 huhitaji kuhangaika na wastani, seli imekufa, na moja ikifa zote sita zinasimama. Nilimwonyesha yeye, nikawaonyesha wadai wake, boya likapita mkono hadi mkono. Alikuwa ameinunua kwa mtu wa gari aliyemhakikishia ni “ya miezi mitatu tu”. Kesi ikahamia kwa huyo.

Washindani wangu wengine walikuwa na njia ya mkato. Waliipiga betri chaji kali kwa saa moja, mita ikasoma juu ya 13, mteja akaridhika na kuondoka. Hiyo ni chaji ya juu juu. Ngozi ya sahani imepashwa, ndani bado kutupu. Ukitaka kuijua betri, iache ipumzike saa kadhaa, au iwashie taa kubwa za gari dakika moja au mbili, uzime, ndipo upime. Iliyoshiba itasimama kwenye 12.6 hivi. Ikisoma 12.0 imebakiwa na robo au chini yake. Hata hivyo volti za betri iliyopumzika hazitoshi, maana betri iliyochoka inaweza kusoma vizuri ikiwa haina mzigo. Mzigo ndio unaosema kweli: piga stata, huku mwenzako akiangalia mita. Ikianguka chini ya 9.6 wakati injini inazunguka, na ulishaichaji sawasawa, tafuta nyingine. Kupima kwa kugonganisha waya mpaka ucheche utoke ni kujitafutia kifo. Betri inayochaji hutoa haidrojeni, na nimemwona kijana aliyelipuliwa na ucheche wa aina hiyo. Alipona macho kwa sababu tulimmwagia maji mara moja, ndoo baada ya ndoo.

Zama za simu nazipita haraka. Vodacom ilipoingia 2000 na wenzake wakafuata, minara ilifika mialo ambako nguzo ya umeme haijawahi kuonekana, na betri moja ya gari kwenye kibanda iliweza kuchaji simu za kijiji. Fedha nzuri, kazi isiyo na utamu.

Utamu ulikuja na dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, na tangu nikiwa mtoto taa hiyo ilikuwa karabai. Ukisimama Capri Point usiku usio na mwezi, ziwa lote lilikuwa na mji wake wa pili. Lakini karabai inakunywa mafuta ya taa usiku kucha, kioo chake kinapasuka kikirukiwa na tone la maji, na tajiri wa mtumbwi alitumia sehemu kubwa ya samaki wake kununulia mwanga wa kuwapatia. Upande wa Kenya, kampuni ya Osram ilifungua kituo cha umeme wa jua huko Mbita mwaka 2008, wavuvi wakodishe taa na betri zilizochajiwa. Huku kwetu mambo yalikwenda kienyeji zaidi. Taa za LED za Kichina ziliposhuka bei, mafundi wa mialoni walizifungia ndani ya vyombo vya plastiki, wakaziba kwa gundi, wakatoa waya mbili na kuzifunga kwenye betri ya pikipiki au betri ya gari iliyostaafu.

Hapo ndipo betri mzee ilipopata ujana. Betri ya gari imeumbwa kwa kishindo: sahani nyembamba nyingi, zitoe mamia ya ampea kwa sekunde chache, kisha dainamo au alternata izilipe papo hapo. Ikishindwa kishindo hicho, mwenye gari huitupa. Taa ya LED inaomba ampea moja, pengine chini yake. Betri isiyoweza tena kuwasha Toyota iliweza kuwasha taa mpaka alfajiri, ikarudi kwangu na mtumbwi wa asubuhi, ikaondoka jioni. Wakati wa giza kibanda kilikuwa hakina pa kukanyaga. Ukerewe, Kome, visiwa ambavyo sijawahi kufika, niliijua hali yake kwa betri zake: za kambi moja zilikuja zimejaa mchanga vichwani, za kambi nyingine zimepakwa grisi na kufungwa kamba safi. Mwenye kambi hiyo ya pili hakuwahi kudaiwa na mtu.

Kisha mwezi ulitoka. Siku za mbalamwezi dagaa hawakusanyiki kwenye taa, wavuvi hushona nyavu, hulala, hunywa, huenda kuoa. Na betri? Usiku wa mwisho wa giza huzinyonya hadi tone la mwisho, kisha hutupwa pembeni ya kambi, tupu, juani, kwa wiki moja na zaidi. Mzunguko unaofuata zinaletwa kwangu na zinashika chaji pungufu. Wa tatu, pungufu zaidi. Matajiri walikuja kulalamika kwamba betri za siku hizi ni feki, nami nilianza kuandika ukutani kwa chaki tarehe za kila betri. Haikuhitaji usomi: hazikufa kwa kazi, zilikufa mapumzikoni. Kilikuwa kisa kile kile cha malori ya pamba, ila msimu umefupishwa ukawa mwezi.

Nikatangaza kwamba betri ikiletwa siku ya kwanza ya mbalamwezi, naichaji kwa nusu bei na kuitunza mpaka giza lirudi. Niliitazamia kuwa biashara; ilikuwa vita. Tajiri hakuona kwa nini alipe chaji ya betri isiyokwenda kazini, na zaidi ya mmoja alidhani natafuta dhamana ya deni lake. Waliokubali mwanzo walikuwa wanawake wenye mitumbwi, ambao walikuwa wachache lakini walihesabu gharama kwa mwezi, si kwa usiku. Betri zao zilidumu. Wanaume wakaona, wakaanza kuzileta bila kukiri kitu, wakisema tu, “Mama, nihifadhie hii, kambini kuna wezi.”

Kazi ya chaji haikuanguka siku moja. Umeme wa vijijini ulisogea, paneli za jua zikawa za kila paa, na mwaka 2016 kampuni ya JUMEME ilianza kuuza umeme wa jua kijijini Bwisya, kisiwani Ukara, ambako hapo awali betri zilivuka maji kuja kwangu. Hata vijana wa kubusti magari kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo, ambako madereva walisubiri saa nyingi muziki ukilia mpaka stata ikagoma, walipoteza wateja daraja la kwenda Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Betri zenyewe zikazibwa: hakuna vifuniko, hakuna pa kuingiza mrija, kuna kijicho cha kijani kinachosomeka kana kwamba ni cha betri nzima ilhali kinachungulia seli moja tu. Sasa wavuvi wananiletea za lithiamu. Ni nyepesi, hazimwagiki, hazichukii kukaa na njaa kiasi kama risasi inavyochukia, na ndani yake kuna kibao cha elektroniki kinachoamua lini ikate. Mjukuu wangu anazifungua na kuzipima seli moja moja kwa mita. Nikimtazama akiitafuta ile inayoangusha wenzake, sioni kazi ngeni.

Linalonikera ni mwisho wa zile za zamani. Baba aliyeyusha risasi ndani ya chumba tulicholala, na mialoni nimeona ikiyeyushwa kwenye sufuria, kandokando ya chakula, kutengenezea chubwi za nyavu. Sumu yake haina harufu ya kukuonya na huwapata watoto kwanza. Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru uliishi jirani na kiwanda cha kuyeyushia betri kuanzia 2007 hadi kilipofungwa 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo na ambaye mtoto wake alidhurika, aliongoza mapambano, na Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Huku kwetu wanunuzi wa vyuma chakavu hupita na mizani, na wananunua kwa kilo. Wanataka nimwage maji kwanza ili wasilipie uzito wake, na mtaro wa mbele ya kibanda unateremka moja kwa moja ziwani. Nina pipa la magadi ambamo tindikali humalizwa ukali ikimwagwa kidogo kidogo mpaka iache kutoa povu, lakini maji ya betri yaliyotulia chini ya sahani yana risasi ndani yake, na magadi hayaiondoi. Kwa hiyo wanaotaka betri zangu wazibebe zikiwa na maji yake, zimesimama wima, zimefungwa. Asiyetaka hivyo simuuzii.